PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ya mzee imeanza kupanda baada ya upasuaji, naombeni ushauri wakuu

Mtoto wa Korogwe:
Habari za jioni wana jukwaa. Mzee wangu ana miaka 67, alitolewa tezi dume yote mwaka 2023 baada ya kukutwa na saratani. Kipimo cha kwanza baada ya hapo PSA ilisoma 0.05, tukachinja mbuzi kabisa. Mwaka huu mwanzoni ikasoma 0.24, juzi 0.41. Mwenyewe yuko fiti, analima, baiskeli anapanda. Swali langu: hizi ni namba za kumpa mtu presha kweli? Maabara wameandika kawaida ni chini ya 4. Sipati usingizi. Matusi hapana.

Kapeto:
Tezi imetolewa halafu inasoma? Sasa inasoma nini?

Mama Tunu:
Pole mwanangu. Baba yangu mdogo alikuwa na hiyo hiyo, akanywa majani ya mstafeli, akadunda miaka mingi tu mpaka bodaboda ilipomgonga pale Segera. Nyie vijana mnakimbilia vipimo, maombi mmeyaweka kando.

Nesi wa Zamu:
Mdogo wangu, hiyo 4 ni ya mwanaume mwenye tezi yake. Aliyetolewa inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikifika 0.2, ikarudiwa na bado iko hapo au juu zaidi, inahesabika saratani imerudi, hata kama anapanda baiskeli. Siyo hukumu ya kifo. Mionzi ya nyonga kwenye hatua hii huwaponya wengi, na hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado chini, kabla haijapita 0.5. Daktari alisemaje? Na mzee anatumia nini kingine?

Mtoto wa Korogwe:
Daktari aligusia mionzi. Dawa hatumii, ni virutubisho tu vya nguvu.

Nesi wa Zamu:
Virutubisho gani? Soma boksi.

Mtoto wa Korogwe:
Matone ya pembe changa za kulungu wa New Zealand, anaweka chini ya ulimi asubuhi na jioni. Wameandika yana vichocheo vya ukuaji, IGF-1. Kabla hamjanirukia: mzee alikonda sana baada ya upasuaji, na mionzi inachosha. Nikaona tumjenge mwili kwanza, akimaliza dozi ndiyo twende. Ni kitu cha asili, hakina kemikali.

Mkata Mkaa:
Pembe za kulungu! Siku mzee akiruka uzio wa jirani usije kulia huku 😂

Nesi wa Zamu:
Hapo ndipo penyewe. IGF-1 mwili unaitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, ikiamriwa na homoni ya ukuaji. Ikigusa vipokezi vya seli inaiambia mambo mawili: gawanyika, na usife. Seli za saratani ya tezi dume zina vipokezi hivyo hivyo. Mbolea haichagui mahindi na magugu. Kuna watu Ecuador wenye ugonjwa wa Laron, IGF-1 yao iko chini sana tangu kuzaliwa, ni wafupi, na saratani kwao ni nadra mno.

Na ikishafika kwenye mifupa ndiyo balaa. Mfupa una akiba ya vichocheo hivi. Saratani ikiuchimba vinaachiwa, vinailisha, inachimba tena.

Profesa wa Kijiweni:
Naongezea. Charles Huggins kule Chicago mwaka 1941 alionesha kwamba ukitoa kende, saratani hii inasinyaa kwa sababu inategemea homoni ya kiume. Nobel akapewa 1966. Lakini kwa wengi inarudi, maana seli zinajifunza kutumia njia nyingine, na hizo IGF-1 ni mojawapo. Mimi mwenyewe nina madume mawili nimeyahasi, moja bado linanipiga pembe. Kuhasi siyo kila kitu.

Kapeto:
Prof, madume yako yanahusiana vipi na mzee wa watu?

Mtoto wa Korogwe:
Nesi, nimesoma pia kwamba IGF-1 ni protini, ukiimeza tumbo linaisaga. Sasa madhara yako wapi?

Nesi wa Zamu:
Ikisagwa, umenunua maji ya bei mbaya. Isiposagwa, unamlisha mgonjwa wa saratani kitu ambacho saratani inakipenda. Chagua unayotaka. Na ndani ya chupa kuna nini hasa, mimi na wewe hatujui. Ila kinachoniuma zaidi ni huko kusubiri dozi iishe. Kutoka 0.24 hadi 0.41, na wewe unajenga mwili.

Fundi Saa:
Wakuu hii ni chai. Ingieni Jukwaa la Biashara, ID hii hii ilitangaza matone ya kulungu, jumla na rejareja. Hakuna mzee hapa. Kesho atakuja na "mrejesho: PSA imeshuka, namba hii hapa".

Mkata Mkaa:
Nilihisi! Rudisheni pole zetu.

Mtoto wa Korogwe:
Siyo chai. Nauza ndiyo, kuna dhambi gani? Ndiyo maana najua nampa orijino. Simuuzii, nampa bure. Mzee yupo, na barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road ninayo hapa mezani, imeandikwa "mapema iwezekanavyo".

Nesi wa Zamu:
Unayo wewe? Mzee anasemaje kuhusu hiyo barua?

Mtoto wa Korogwe:
Hajaiona. Daktari aliongea na mimi pembeni. Nikimwambia imerudi atakata tamaa, namjua baba yangu.

Mama Tunu:
Uwiii. Hapana mwanangu, hapo sikuungi mkono, na mstafeli wangu naufuta. Mpe mzee barua yake leo leo.

Fundi Saa:
Hata kama ni chai, hii imeungua.

Nesi wa Zamu:
Mimi nachukulia yupo. Kesho simamisha hayo matone, piga simu kliniki, na nendeni wote wawili. Mwambie daktari pia alichokuwa anaweka chini ya ulimi.

Mtoto wa Korogwe:
Nitalifikiria. Wiki hii nina mzigo unaingia.

Binti Makorora:
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Hayo matone kwa maumivu ya magoti yanafaa? Ni ya mama.

Mtoto wa Korogwe:
Yanafaa sana dada. Njoo PM.