MJADALA: Kadi ya chama anapewa kila mtu, mbona kwenye uamuzi watu wa kawaida hatuonekani?

Kadi_Mfukoni
Wakuu, naomba tujadiliane bila matusi. Chama chochote ukikigusa kinakukaribisha kwa mikono miwili. Ukishachukua kadi ndipo unagundua kuwa kikao cha tawi kinaitishwa saa za kazi, taarifa inatoka usiku wa kuamkia kikao, na ukifika unakuta safu ya viongozi imeshapangwa, kazi yako ni kunyoosha mkono. Niliwahi kuomba nisome muhtasari wa kikao kilichopita kabla hatujauthibitisha. Katibu akafunga daftari, akasema, "Tuaminiane, ndugu." Ukumbi ukapiga makofi. Kinachotuzuia ni kanuni au ni watu?

Mjumbe_Mstaafu
Nimekaa kwenye kamati za tawi tangu wengi wenu hamjazaliwa. Kanuni hazina shida. Watu hawaji, na wakija swali la kwanza ni posho. Hao ndio "watu wa kawaida" mnaowalilia.

Cherehani
Shikamoo mzee. Hilo la posho limenichoma. Mimi ni fundi nguo, siku nisiposhona hakuna kinachoingia. Mwenyekiti wetu ameajiriwa, akitoka ofisini kuja kikaoni mshahara wake uko palepale. Mimi nikifunga kazi kutwa nzima kusikiliza salamu za utambulisho, nani ananifidia? Nikiuliza naitwa mwenye njaa. Yeye anaitwa mzalendo.

Mjumbe_Mstaafu
Marahaba. Sikukutaja wewe, usijivike. Siasa ni kujitolea. Mkianza kulipa mahudhurio, mwenye fedha atajaza ukumbi. Nimeyaona kwa macho yangu: gari linashusha watu saa moja kabla ya kura, kadi bado zinanuka wino, ukimuuliza mtu jina la tawi lake anamwangalia aliyemleta.

Msoma_Kanuni
Mzee, hao mamluki hawakuletwa na posho ya chama, wameletwa na mtu mwenye hela. Athene ya kale ililipa raia waliohudhuria mkutano mkuu, na baraza lao la watu 500 lilipatikana kwa bahati nasibu. Uingereza nako Wachartisti, vuguvugu la wafanyakazi waliopigania haki ya kura, walidai tangu 1838 wabunge walipwe, ikaja kutekelezwa 1911, kwa hoja ileile ya Cherehani: bila malipo, bunge ni la wenye mali.

Bi_Hoja
Athene? Mkutano uliowafungia nje wanawake, watumwa na wageni ndio unaleta hapa kama mfano? Hapo nimeacha kukusoma.

Msoma_Kanuni
Nimezungumzia malipo, sijasifu kila kitu chao. Soma tena.

Bi_Hoja
Nimesoma. Kila mara tunapotaja vikwazo mnaishia kwenye hela, na mwanamke anakuwa tanbihi. Vikao vinaisha usiku, halafu uamuzi wenyewe unafanyika baada ya kikao, wanaume watatu wamesimama pembeni ya gari. Mimi na mtoto mgongoni nitasimama hapo? India waliweka kwenye katiba yao, tangu 1993, kwamba theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji iwe ya wanawake. Hawakungoja watu "wajitolee".

Mjumbe_Mstaafu
Na huko India kuna waume wanaoendesha ofisi kwa migongo ya wake zao. Hilo hukulisema.

Bi_Hoja
Wapo. Wapo pia wanawake waliokwenda wakatawala kweli. Wewe unamkumbuka mume tu.

Kadi_Mfukoni
Jamani, turudi kwenye mada. Nani anaamua majina kabla ya kikao?

Msoma_Kanuni
Mwanasosholojia Robert Michels alilieleza hilo 1911 baada ya kukichunguza chama cha siasa cha kisoshalisti cha Ujerumani, SPD: hata chama cha wanyonge kikishakua, wanaojua mafaili na ratiba ndio wanaokimiliki. Anayeshika daftari la muhtasari ndiye anayejua jana tuliamua nini. Kwangu mimi, katibu wako kufunga lile daftari ni kikwazo kikubwa kuliko ada.

Mjumbe_Mstaafu
Daftari tuliache. Mwanachama mpya lazima asubiri kabla ya kupiga kura. Chama cha Labour cha Uingereza 2015 kilimruhusu mfuasi asiye mwanachama kumchagua kiongozi kwa pauni 3, wakaja kujuta, mwaka uliofuata wakapandisha hadi 25.

Msoma_Kanuni
Na waliojiunga baada ya Januari 12 ile 2016 wakazuiwa wasipige kura kwa uanachama wao, ingawa ada walishalipa. Wakati wa kuchukua ada yao hawakuitwa mamluki.

Mjumbe_Mstaafu
Chama kina haki ya kujilinda. Miezi sita ya kusubiri haimuui mtu.

Cherehani
Sawa mzee, tusubiri. Ila mtoto wa mwenyekiti wetu alichukua kadi mwezi mmoja na mimi, na jina lake tayari liko kwenye orodha ya wajumbe wa mkutano mkuu. Yeye alisubiri wapi?