Naomba ushauri: nimeachiwa chiminea ya udongo ya Mexico, nianzeje kuitumia uani?

BintiPangani:

Habari za jioni wanajamvi, natumai hamjambo.

Niko Albuquerque, New Mexico, na familia yangu. Jirani yetu, mzee mmoja wa Chihuahua, amehamia kwa bintiye na ametuachia chiminea yake. Kwa ambao hawajaiona, ni jiko la nje la kuotea moto: tumbo la duara lenye mdomo mbele, juu shingo ndefu ya kutolea moshi, na lote linakaa kwenye kigoda cha chuma cha miguu mitatu. Hii yangu inanifika kifuani, rangi ya tofali, na haijawahi kuwashwa. Mzee aliiweka uani kama pambo tu, ikapigwa jua na mvua miaka yote.

Huku jua likizama baridi inashuka haraka, hata kiangazi, maana jiji liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Watoto wanapenda kukaa nje na mume wangu anatamani tuwe na mahali pa kupigia soga jioni kama nyumbani. Lakini nimesikia wengi huzipasua siku ya kwanza tu, na hiki ni kitu nilichopewa kwa mapenzi, nisingependa kukipoteza.

Naomba mnisaidie. Moto wa kwanza unawashwaje? Kuni gani zinafaa? Theluji ikianza niiache nje au niiingize? Na niiweke wapi: tuna kibaraza cha mbao chenye paa nyuma ya nyumba, halafu mbele yake ni changarawe tupu. Asanteni.

Mwana_wa_Kyela:

Dada, hongera, umepata chombo cha maana. Nimesoma Guadalajara, na Tonalá, mji wa wafinyanzi, uko pembeni yake kabisa. Alhamisi na Jumapili mitaa yake inageuka soko, vyombo vya udongo vimepangwa chini hadi huna pa kukanyaga. Mimi nimekulia karibu na ziwa, kwenye vyungu vya Wakisi, kwa hiyo kila nilipopata nafasi nilikuwa huko Tonalá kwenye karakana zao nikiangalia mikono ya watu.

Elewa kwanza udongo wenyewe. Haukuchomwa kwa moto mkali kama wa sahani za kaure. Una vinyweleo vingi na unakunywa maji. Chiminea iliyokaa nje miaka bila kuwashwa ina maji ndani ya kuta zake hata kama ukiigusa unaiona kavu. Ukiipiga moto mkubwa ghafla, maji yale yanageuka mvuke yakiwa bado ndani, na papo hapo upande wa ndani unatanuka ilhali wa nje bado ni wa baridi. Ufa unatoka hapo, na mara nyingi unaanzia kwenye mdomo ukipanda juu.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku kadhaa kabla, iweke kwenye jua kali bila kufunikwa. Ndani ya tumbo jaza mchanga mkavu au mawe ya lava, yale mepesi yenye matundu, hadi yabaki kama vidole vinne kufika ukingo wa mdomo. Moto usikae hata siku moja juu ya udongo mtupu. Mawe ya mtoni usiweke, yanahifadhi maji na yakipata joto yanaweza kupasuka na kuruka.

Moto wa kwanza ni karatasi kidogo na vijiti vya unene wa kidole, basi. Viwake viishe vyenyewe. Wakati vinawaka weka kiganja nje ya tumbo: ukiweza kukiacha pale bila kukitoa, mwendo ni mzuri. Acha ipoe kabisa, mpaka kesho yake, halafu rudia ukiongeza vijiti kidogo. Ukifika moto wa tano au wa sita hivi ndipo uweke gogo dogo. Hakuna mama kule kwetu anayeteleka chungu kipya juu ya moto mkali, na huyu ni chungu mkubwa mwenye shingo.

Hata ikishazoea, si chombo cha moto mkubwa. Ndimi zikianza kuchungulia juu ya shingo, umezidisha kuni. Usizime kwa maji, mwagia mchanga au acha moto ufe wenyewe. Na mkiihamisha msiinyanyue kwa shingo. Tumbo hufinyangwa kwanza, shingo huungwa baadaye, na kwenye kiungo ndipo penye udhaifu. Muwe wawili: mkono ndani ya mdomo, mwingine chini ya kitako, nayo iwe imepoa.

Baringo_Tucson:

Nakubaliana na mkuu hapo juu kila neno. Mimi niongeze ya kuni.

Huko kwenu kuna piñon, msonobari mfupi ambao mbegu zake zinaliwa, na ndio mti rasmi wa jimbo la New Mexico. Moshi wake una harufu tamu sana, ukipita mtaani jioni ya baridi unajua mtu fulani anaota moto. Watu pia wanasema unafukuza mbu. Ila una utomvu mwingi, kwa hiyo unaacha masizi kwenye shingo na unarusha cheche. Changanya na kuni nyingine, na uweke waya wenye matundu madogo juu ya shingo.

Kuni nyingine inayosifiwa kusini-magharibi yote na kaskazini mwa Mexico ni mesquite. Wakenya wenzangu wa Baringo, Turkana na Garissa, huyu ni ndugu wa damu wa mathenge wetu, miiba na yote. Anayejua makaa ya mathenge anajua joto lake. Kwenye chiminea ya udongo tumia vipande vidogo tu, maana inawaka kwa ukali mno.

Makaa ya kununua usiyatumie kabisa. Joto lake linakusanyika sehemu moja na kukaa pale kwa muda mrefu, udongo hauwezi. Mafuta ya taa na petroli hata usiyakaribishe. Mbao zenye rangi, plaiwudi na mbao zilizotiwa dawa zinatoa moshi wa sumu, na watoto ndio watakaokuwa wamekaa karibu. Kuni ziwe zimepasuliwa na kukauka vizuri. Gonga mbili pamoja: zikilia kwa sauti kali zimekauka, zikitoa sauti ya kufifia bado zina maji.

Chuma_Tupu:

Mimi nina mawazo tofauti. Dada, kama una watoto na mnataka moto kila wiki, nunua ya chuma cha kusubu. Haipasuki kirahisi, unaweka kuni unavyotaka, unaweza hata kutumia makaa. Udongo ni mzuri kwa macho lakini utaishi na wasiwasi.

Mwana_wa_Kyela:

Mkuu Chuma_Tupu, kwa uimara uko sahihi, na mtu anayetaka moto mkubwa kila mara nisingempinga. Lakini kwa sababu ya watoto ndio ningebaki na udongo. Chuma kinapata joto haraka na kumchoma mtoto kwa kugusa mara moja. Udongo unapokea joto polepole na kulitoa polepole, ukuta wake wa nje haufikii ukali wa chuma. Sisemi waishike, maana nao unaunguza. Pia moto ukishakufa, udongo unaendelea kutoa joto muda mrefu, na hilo ndilo unalolitaka kwenye mazungumzo ya jioni. Chuma nacho kina adui yake, kutu.

BintiPangani:

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeikagua leo mchana nikaona mstari mwembamba kama unywele pale shingo inapokutana na tumbo. Je, ndiyo imeshaharibika? Pia mtu dukani amenishauri niipake vanishi ndani na nje isiingie maji.

Mwana_wa_Kyela:

Ndani usipake chochote. Vanishi ndani ya jiko ni moshi wa sumu na moto juu yake.

Kuhusu mstari: subiri giza, weka tochi yenye mwanga mkali ndani ya tumbo, zunguka nje uangalie. Mwanga usipopenya, ni ufa wa juu tu, vyombo vingi vya mkono huwa navyo. Endelea na ile mioto midogo na uwe unauangalia kila baada ya moto. Halafu igonge taratibu kwa kifundo cha kidole pande zote. Nzima hulia kwa sauti moja. Ukisikia mahali inakwaruza kama chungu kilichovunjika, ufa umepita. Ufa mwembamba wa shingo unaweza kuzibwa kwa saruji maalumu ya tanuru, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, ukaiacha ikauke kama maelezo yake yanavyosema. Ukipita kwenye tumbo kutoka ndani hadi nje, isiwashwe tena. Panda maua ndani yake, mzee hatakasirika.

Nje unaweza kupaka nta au kizuia maji cha akriliki chenye asili ya maji, lakini baada ya ile mioto ya kuzoesha, udongo ukiwa umekauka hasa.

Mdau_Leeds:

Hapo kwa kizuia maji natofautiana kidogo. Huku Uingereza mvua haiishi, na nimeona chiminea zilizopakwa zikipasuka kuliko zisizopakwa. Maji yanaingia kwa mdomo na kwa shingo, halafu yanakosa pa kutokea kwa sababu nje kumezibwa. Yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na ukuta wa udongo unabanduka vipande kama mkate mkavu. Mimi naona dawa ni paa, siyo rangi.

Dada, usiku wa huko kwenu unaganda miezi mingi ya baridi hata kama mchana kuna jua. Ingiza chombo gereji au stoo kuanzia Novemba, kitako kiwe juu ya mbao, si kwenye sakafu ya saruji moja kwa moja. Kama ni lazima kibaki nje, kifunike juu kwa turubai huku chini ukiacha hewa ipite. Nailoni iliyofungwa kila upande inatunza unyevu humo humo. Usifunike ikiwa na joto. Na siku ya baridi kali, usiitoe stoo na kuiwasha papo hapo.

MamaNeema_SantaFe:

Mdogo wangu BintiPangani, karibu New Mexico. Mimi nataka kuzungumzia mahali pa kuiweka, maana hapo ndipo roho yangu inaponiuma.

Kwenye kibaraza cha mbao chenye paa, hapana. Cheche zinapanda, na moshi wenye gesi ya kaboni monoksidi unajikusanya chini ya paa. Hewa hiyo haina harufu na inaua. Iweke kwenye changarawe, kigoda kikae juu ya vibamba vya saruji ili isiyumbe. Kanuni za moto zinazofuatwa na miji mingi ya Marekani zinataka futi 15, kama mita 4.5, kati ya jiko la aina hii na nyumba au kitu kinachoungua. Nyumba ya familia moja mara nyingi husamehewa kipimo hicho, lakini kwa ukavu wa hewa yetu, mimi nashikilia hizo 15. Angalia na juu: tawi la mti likiwa juu ya shingo, hama.

Machi hadi Mei upepo wetu unaujua. Siku ya tahadhari ya moto usiwashe, hata kama uani kwako kumetulia. Na majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Februari, Albuquerque na kaunti ya Bernalillo hutangaza siku za kutochoma kuni, kwa sababu hewa baridi inalala kwenye bonde la Rio Grande na moshi haupandi. Angalia tangazo la siku kabla ya kuwasha. Kuna majirani wenye pumu.

La mwisho ni majivu. Tulioishi hapa 2022 hatutasahau. Idara ya misitu ilichoma marundo ya matawi Januari. Moto ukabaki chini, theluji ikaanguka juu yake zaidi ya mara moja, na Aprili ukaamka. Huo ndio moto wa Calf Canyon. Ukaungana na ule wa Hermits Peak, zikateketea zaidi ya ekari 340,000, moto mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo hili. Vijiji vizima vya milimani vilipoteza nyumba. Basi mtu asikuambie majivu ya jana yamekufa. Chota kwa koleo la chuma, weka kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, iweke mbali na ukuta, ikae siku kadhaa ndipo utupe.

BintiPangani:

Dada MamaNeema, asante kutoka moyoni, sikuwa nimeliwaza la majivu. Nimefanya ile ya tochi, mwanga haupenyi, namshukuru Mungu. Itakaa kwenye changarawe. Nibakize mawili: watoto wanataka mahindi ya kuchoma na baba yao anataka nyama. Na majivu yakishapoa kabisa, nimwage kwenye mchicha wangu kama bibi alivyokuwa akifanya?

Baringo_Tucson:

Mahindi ndiyo. Subiri kuni zigeuke kaa, choma kwenye mdomo kwa kijiti kirefu au wavu mdogo unaokaa juu ya mawe, usiegemee ukingo wa udongo. Nyama ya mafuta hapana: mafuta yananyonywa na mchanga na udongo, yananuka na kuita wadudu. Mpe baba watoto jiko lake la nyama pembeni. Na kama mtataka kuoka mkate, hiyo ni kazi ya horno, lile tanuri la udongo lenye umbo la mzinga ambalo Wapueblo, wenyeji asilia wa huko kwenu, bado wanaliwasha.

MamaNeema_SantaFe:

Majivu usimwage kwenye mchicha. Kwa bibi mvua ni nyingi na udongo una uchachu, majivu yanausawazisha. Udongo wetu huku tayari una magadi mengi, na majivu yanaongeza yale yale, mboga zitageuka njano. Yakipoa, yatie kwenye mfuko, uufunge, peleka kwenye taka.