Leza na sindano ya umeme kwenye ndevu: kuna aliyefanya na hazikurudi?

Askari_wa_Lindo

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni askari wa kampuni binafsi ya ulinzi hapa Dar, nina miaka 27. Kazini kwetu saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi mnapangwa mstari, mnakaguliwa, na kidevu lazima kiwe kimenyolewa. Shida yangu ni vipele vya ndevu. Vimejaa kuanzia chini ya taya mpaka kwenye koromeo, vingine vinatunga usaha, na kola ya sare inavisugua hadi ikifika saa nane mchana shati lina madoa ya damu. Nimeshapita wembe, mashine, spiriti, ndimu, mshubiri, na ile poda ya kunyolea inayonuka kama yai viza. Hiyo ya mwisho ilinibabua wiki nzima.

Sasa kuna saluni wamebandika tangazo: ndevu zinaondoka MILELE kwa leza, mara sita tu, laki moja na nusu kila mara. Rafiki yangu anasema leza ni uongo, zinarudi, cha kudumu ni elektrolisisi, ile ya sindano ya umeme. Mwingine anataka niagize mashine ya taa ya kutumia nyumbani.

Kuna mwanaume humu, mweusi tii kama mimi, amefanya na nywele hazikurudi? Sizungumzii mwezi mmoja, nazungumzia miaka. Mshahara wangu hauwezi kutupwa mara mbili.

Kinyozi_Magomeni

Mleta mada, wewe unataka kuninyima ugali. Watu wakichoma ndevu zote mimi nitamnyoa nani?

Utani pembeni. Wateja wangu wenye shingo kama yako siwapitishii wembe kabisa. Napitisha mashine bila kugandamiza, nafuata nywele zinakolala, naacha kivuli. Ukitaka shingo ing'ae, vipele ni haki yako.

Bwana_Mchicha

Mashine ya nyumbani usinunue. Mimi nilinunua. Ina jicho linalosoma rangi ya ngozi kabla ya kuwaka. Nikaiweka shingoni, taa nyekundu, ikagoma. Nikaiweka kwenye shavu, ikagoma. Nikaiweka kiganjani, ikawaka vizuri sana. Sasa kiganjani nina ndevu gani?

Mgogo_wa_Deira

Mdogo wangu, hiyo shingo unayoieleza nimeivaa mwenyewe. Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri Dubai miaka tisa, nikafanya zote mbili huko, leza na sindano. Nywele za leza zilirudi kidogo. Za sindano, zile zilizochomwa hasa, haujarudi hata mmoja. Na vipele vimekwisha tangu nikiwa bado na nusu ya ndevu zangu. Hicho cha tatu ndicho ninachotaka ukishike, nitakirudia.

Nilianza 2014, chini ya taya na shingoni. Daktari aliponiona rangi yangu akaisukuma pembeni mashine iliyokuwa karibu, akavuta nyingine. Leza inatafuta weusi. Mwanga unapita kwenye ngozi, unanaswa na rangi nyeusi ya unywele, unageuka joto, joto linachoma shina. Kwa mtu mweupe kilicho cheusi pale ni unywele peke yake. Kwetu ngozi nayo ni nyeusi, kwa hiyo mashine isiyotufaa inaanza kukaanga ngozi kabla haijafika kwenye unywele. Iliyosukumwa pembeni ni alexandrite, nanomita 755 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake). Yangu ilikuwa Nd:YAG, nanomita 1064, inazama chini zaidi na haisumbuani sana na rangi ya juu. Wakikwambia "ni leza" wakaishia hapo, chukua kofia yako uondoke.

Akanijaribia kwanza sehemu ndogo kama sarafu, nyuma ya taya, akanirudisha nyumbani wiki mbili tuone kama ngozi italalamika. Maumivu yake ni kama mtu anakuchapa kwa mpira wa manati huku mwingine anakupulizia hewa ya baridi. Kilichonichekesha ni harufu: kichwa cha mbuzi kinababuliwa kwenye mkaa, sawasawa. Nimelala Dubai na miwani ya chuma machoni, nanusa sikukuu ya nyumbani.

Siku ya kumi hivi nikaziona zinaota, nikasema nimeliwa. Kumbe zilikuwa zinatoka. Nikijifuta, taulo linabaki na vidoti kama pilipili manga iliyosagwa. Baada ya hapo nikapata siku kama ishirini za shingo ya mtoto wa darasa la nne. Wiki ya tano, ndevu hizo hapo! Nikampigia daktari kwa hasira. Akaniambia hizo siyo zile. Nywele haziamki zote siku moja. Kuna zinazokua na kuna zilizolala, na leza inazipata zile zinazokua tu. Ni kama kupalilia baada ya mvua ya kwanza: magugu yaliyochomoza umeyamaliza, mbegu zilizo chini hujazigusa. Ndiyo sababu nilikwenda mara nane, kila baada ya wiki tano au sita. Hao wa mara sita kamili sijui wameonana lini na shingo yako.

Sasa vipele. Ukoo wetu una nywele zinazotoka kwenye shina lililopinda. Ukizikata na wembe unaacha ncha iliyochongwa kama mkuki, inajikunja, inaingia tena ndani ya ngozi, na mwili unaichukulia kama mwiba. Kwangu, baada ya mara ya nne, vipele vipya viliacha kutoka. Ndevu bado zilikuwepo, labda nusu, lakini nyembamba na laini, hazina nguvu ya kutoboa. Wewe umeuliza kama zitaondoka milele. Shingo yako haiombi hivyo. Inaomba unywele uwe mchovu.

Nilimaliza 2015. Miaka mitatu sikugusa kitu. 2018 zikaanza kurudi, chache, upande wa kushoto zaidi, nikawa napita mara moja kwa mwaka. Leo nikiacha wiki nzima bila kunyoa, za shingoni ningeweza kuzihesabu nikiwa na subira. Kwa hiyo rafiki yako hakudanganya, na saluni imepitiliza. Marekani kule mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, inawaruhusu wenye mashine za leza waseme "kupunguza nywele kwa kudumu". Kusema kuziondoa kabisa ni kwa elektrolisisi.

Nayo elektrolisisi nilikutana nayo nilipofikisha miaka 38, zilipochomoza nywele nyeupe kidevuni na nyingine za aibu masikioni. Leza haioni unywele mweupe, hauna cha kunasa mwanga. Nikaenda kwa mama mmoja Mfilipino mwenye taa kama ya fundi saa. Anateremsha sindano nyembamba ndani ya kitundu cha unywele, haitoboi ngozi, anapitisha umeme kidogo, kisha anauchukua unywele kwa kibanio. Ukitoka bila kuvutwa, umekufa. Ukisikia amevuta, jua mtaonana tena. Rangi ya ngozi haina shida, rangi ya unywele haina shida. Shida ni kwamba ni mmoja mmoja. Kwa nywele kama sitini nilikwenda mwaka mmoja na zaidi, maana nyingine zilitaka kuchomwa mara mbili, mara tatu. Shingo nzima ya mwanaume kwa njia hiyo ni kazi ya miaka, na sijui kama kampuni yenu itakupa likizo.

Nilimuuliza yule mama nani alibuni mateso haya, akanitajia daktari wa macho, Charles Michel, wa St. Louis huko Marekani, mwaka 1875. Hakuwa anashughulika na urembo. Alikuwa anatibu watu ambao kope zimegeukia ndani na zinakwaruza jicho. Nikanyamaza. Mimi ni wa Kongwa, na Kongwa vikope, ule ugonjwa wa macho wa trakoma, tunavijua. Bibi yangu vilimwacha na kope za namna hiyo hiyo. Nikiwa darasa la tatu, kila Jumamosi alikuwa ananiita mlangoni penye mwanga, ananipa kibanio, namng'oa tatu, nne. Wiki chache zimerudi, na zikiwa fupi ndiyo zinachoma zaidi. Kwa hiyo mtu asije hapa kukwambia ukizing'oa sana zitachoka. Hazichoki.

Jambo jingine, kwa sababu umesema miaka. Shina likifa limekufa, lakini mwili wa mwanaume hautulii. Homoni zinaendelea kuyageuza malaika (ya ngozini, siyo ya mbinguni) kuwa nywele kamili, hasa mgongoni, mabegani na masikioni, hata ukiwa na miaka arobaini na kitu. Hizo ni mpya. Usimpigie daktari kwa hasira kama mimi.

Mabega_Nairobi

Boss, ongezea na hii. Mimi nilifanya mgongo wa juu, kliniki siitaji. Walipopitisha mashine palipungua, lakini kufika mara ya tatu, pembeni kwenye mabega pakaota nywele nyeusi ambazo sijawahi kuwa nazo maishani. Daktari wa ngozi niliyemwona baadaye akasema hutokea, si kwa wengi, na usoni na shingoni ndipo huonekana zaidi, hasa kwa sisi wenye rangi. Joto likiwa dogo linaweza kuziamsha badala ya kuziua. Mke wangu ananiita koti.

Nesi_wa_Zamu

Kaka Askari, pole. Kabla ya kulipa mtu yeyote, jipapase kisogoni. Kama una vinundu vigumu pale nywele zinapoishia, au kwenye familia kuna mtu ambaye kidonda chake huvimba na kuwa kovu nene, mwambie daktari kabla hajawasha chochote. Makovu ya namna hiyo hayafutiki kirahisi, na sindano inaweza kuyaamsha vilevile.

Kama unapaka mkorogo, acha kwanza. Ngozi iliyochubuliwa ikipigwa leza inaungua. Using'oe nywele wala kutumia nta wiki nne kabla, maana leza inahitaji kukuta unywele kwenye shina. Kunyoa ruksa, unatakiwa unyoe siku moja kabla. Na uvalishwe miwani. Asiye na miwani ya mteja hana kazi na wewe.

Lakini kaka, dawa ya kwanza ya vipele hivi ni kuacha kunyoa kwa wembe, na haiuzwi. Nenda kwa daktari wa ngozi, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi, na Dar hukosi. Akuandikie barua kwa mwajiri wako kwamba unatakiwa kuacha ndevu fupi kwa muda. Marekani wanajeshi weusi kwa miaka mingi walikuwa wakipewa vibali vya namna hiyo kwa vipele hivi hivi, ingawa tangu 2025 wamevibana.

Ami_wa_Bondeni

Assalaam aleykum. Mimi sina neno na ndevu, zangu nimezifuga. Nauliza kwapa. Sunna tusipitishe siku arobaini, na mimi kila nikinyoa naota majipu. Leza yafaa?

Mgogo_wa_Deira

Waaleykum salaam Ami. Nilifanya kwapa pia, mara sita, mashine ile ile. Zilisikia haraka kuliko shingo. Zimebaki chache, kila siku arobaini utakuwa na dakika mbili za kazi. Mambo ya fatwa muulize mwenye elimu, mimi ni mtunza stoo.

Askari_wa_Lindo

Wakuu nashukuru sana, nimesoma wote.

Leo nimepita pale saluni baada ya zamu. Nikamuuliza dada wa mapokezi mashine yao ni ya nanomita ngapi. Akaniambia ni mpya. Nikamuuliza ni Nd:YAG? Akasema hiyo pia wanaweza kuagiza. Nikachukua kofia.

Nimepanga hivi: Jumatatu naenda kwa daktari wa ngozi kutafuta barua, na Kinyozi wa Magomeni nakuja kwako Jumamosi unioneshe hicho kivuli. Leza nitaiwekea akiba. Mara nane kwa laki na nusu ni milioni moja na laki mbili, bado nauli, kwa hiyo si mwaka huu.

Swali dogo kwa Mgogo: bibi alipona?

Mgogo_wa_Deira

Alifanyiwa upasuaji. Walipita kijijini wahudumu wa macho, wakamkata kidogo kope ya juu na kuigeuza itazame nje, siku hiyo hiyo akarudi nyumbani na bandeji. Aliishi miaka kumi mingine akitusema kwa macho makavu. Kibanio chake ninacho mimi. Kila asubuhi nikijitazama kwenye kioo naona laika moja limechomoza sikioni, mkono unakwenda wenyewe, halafu namkumbuka yule Mfilipino: ukilivuta leo, mwezi ujao sindano yangu haina pa kuingia.