Masizi kwenye kenchi za nyumba ya kale ya shamba Uingereza: yametoka wapi?

Mchoraji wa Nyegezi:
Ndugu wanajukwaa, najifunza kuchora ramani za majengo hapa Mwanza, na nimepewa kazi ya kuichambua nyumba ya shamba ya kusini mwa Uingereza. Mbele ni tofali na madirisha makubwa ya vioo, mtindo wa karne ya 18, lakini picha za darini zinaonyesha kenchi za mwaloni zilizogandwa na masizi mazito, mbali na dohani. Je, nyumba hii iliwahi kuungua?

Fundi mstaafu, Bwiru:
Haikuungua, kijana wangu. Moto ungezila mbao zenyewe. Nyumba nyingi za huko za karne ya 15 hazikuwa na dohani: ukumbi uliachwa wazi toka sakafuni hadi paani, moto ukakokwa katikati, na moshi ukajitafutia upenyo juu, kama katika msonge wa Kisukuma. Katika karne ya 16 na ya 17 wakulima wenye uwezo walijenga dohani ya tofali, na moshi ulipopata njia yake, wakaweza kutandaza sakafu ya juu kuukata ukumbi ule na kupata vyumba vya kulala. Tofali za mbele zilikuja baadaye, kwa kufuata mtindo tu. Gonga ukuta kwa ndani, huenda ukakuta fito na udongo uliokandwa kwa samadi na majani makavu.

Mdau wa Kirumba:
Naongeza: kagua upande wa chini wa boriti. Safu ya matundu matupu ya pembe nne, yaliyokaa mshazari, huonyesha palikuwa na dirisha la nondo za mbao lisilo na kioo. Linganisha pia na Bayleaf, nyumba iliyong'olewa Chiddingstone, Kent, kupisha bwawa la maji, ikasimamishwa upya kwenye makumbusho ya Singleton. Ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa karne ya 15, lakini waliirudisha ilivyokuwa karibu mwaka 1540, bila kuijenga tena dohani yake ya karne ya 17. Kwangu mimi, hapo walifuta sehemu ya historia yake.

Fundi mstaafu, Bwiru:
Sikubaliani nawe, ndugu yangu, kwani bila hivyo wageni wasingeuona ukumbi wenye moto katikati. Mchoraji hana haja ya kuchagua: aweke awamu zote kwenye ramani moja, kila karne na rangi yake, na aanzie kwenye kenchi.