Kumuota kila usiku mtu mliyeachana: ndoto hizi zinakatwaje?

Mleta mada: Wakuu, naombeni ushauri. Mtu kaachana na mwenzake zamani kidogo. Mchana hana habari naye, namba kafuta. Usiku ndoto ni ileile: wanaongea, wanacheka. Alfajiri anaamka kifua kizito. Ni ishara kwamba bado anapendwa? Amtafute?

Mkesha: "Mchana hana habari naye" au akimjia akilini anamfukuza? Hayo ni mambo mawili. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu waliambiwa, kwa dakika 5 kabla ya kulala, wasimfikirie mtu fulani. Wakamuota zaidi kuliko wale walioruhusiwa kumfikiria, na haikujali kama ni mtu wanayemtamani au la. Kwa hiyo ampe huyo wa zamani nafasi yake mapema jioni: daftari, dakika 15, basi. Asiandike "nimemkumbuka", hilo halisaidii kitu. Aandike anachokikosa hasa, mfano "mtu wa kumsimulia siku ilivyokwenda". Hapo ataona kwamba nusu ya hamu ile haina jina la mtu. Wengi huharibu kwa kuandikia kitandani, au daftari linageuka barua ya kutumwa.

Kipepeo: Nijibu la alfajiri. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kipindi cha ndoto, macho yanapochezacheza chini ya kope, hurefuka kadiri asubuhi inavyokaribia. Ukiamshwa katikati yake, ndoto unaibeba nzima. Ndiyo maana kengele ya kuzimwa na kulia tena kila dakika 10 ni adui: kila ukisinzia unaweza kurudi kulekule. Kengele moja, simu mbali na kitanda. Pombe nayo hubana ndoto mwanzo wa usiku, halafu zinafurika usiku wa manane kuendelea. Kama kuna dawa za sonona zilizoachwa ghafla, hilo ni la daktari, si la humu.

Mkesha: Na picha? Kufuta namba hakutoshi. Simu nyingi humletea mtu zenyewe "kumbukumbu za siku kama ya leo". Azime hilo kwenye mipangilio ya picha.

Jicho Pembeni: Ongezeni na kubadili mwisho wa ndoto. Mbinu hii ni ya majinamizi, ila kwa ndoto inayojirudia hivi inafaa kujaribiwa. Aiandike kana kwamba inatokea sasa hivi, abadilishe sehemu moja, kisha mchana afumbe macho na kuipitisha akilini dakika 10 hadi 20, kila siku kwa wiki kadhaa. Mwisho uwe mdogo, wa kushikika: anaaga, anatoka, anasikia komeo likiingia. Asichague mwisho wa kurudiana, atakuwa anaipalilia.

Mleta mada: Nashukuru sana wakuu. Na la kumtafuta?

Kipepeo: Ndoto imeshonwa na kumbukumbu zake mwenyewe, haijui lolote kuhusu moyo wa yule mwingine. Ujumbe ukimjia saa kumi na moja alfajiri, auandike kwenye daftari, si kwenye simu. Ausome saa nane mchana akiwa ameshakula. Kama ujumbe huo bado una swali la maana ndani yake, mbali na "nimekuota", hapo ndipo tuanze kujadili.

Jicho Pembeni: Na asiutume siku hiyohiyo.