Mjadala: Mtu mzima akivuta bangi chumbani kwake, afungwe?

Mkonjo wa Mjini: Tujadiliane bila matusi. Hapa Uganda, pale Hima, Kasese, bangi imelimwa kwa kibali, ikapelekwa nje ikawe dawa, na mwekezaji akapokewa kama mgeni wa heshima. Kijana wa mtaa wa maskini wa Katwe, Kampala, akikutwa na msokoto mmoja, pingu. Zamani mtu akijulikana anavuta, hata mchumba hapati. Siku hizi watoto wa wakubwa kule Kololo, mtaa wa matajiri, wanavuta mbele ya wageni na hakuna anayeshtuka. Sasa mtu mzima akivuta ndani kwake anamkosea nani?

Afande Mstaafu: Anamkosea mama yake mzazi. Nenda hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butabika ukaone vijana walivyoharibika. Na sheria ya dawa za kulevya ipo, ya 2015.

Wakili wa Kibarazani: Mzee wangu, hiyo Mahakama ya Katiba iliifuta 2023. Walioshtaki ni watu wa mairungi, yaani miraa, wa Wakiso.

Afande Mstaafu: Ilifutwa kwa sababu wabunge hawakutimia akidi, si kwa sababu bangi imegeuka mboga. Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Soma mpaka mwisho, kijana.

Wakili wa Kibarazani: Ilifutwa au haikufutwa? Jibu hilo tu.

Hajati Bombo: Bibi yangu alikuwa anawapa kuku wake majani hayo wakiugua. Hakuna kuku aliyeiba simu ya mtu.

Boda Namba Moja: 😂😂 Hajati! Afrika Kusini mahakama iliruhusu kuvuta faraghani tangu 2018, nchi haijazama. Mimi niko barabarani usiku kucha, mvuta bangi hajawahi kunitapikia mgongoni. Walevi, kila wikendi. Mkitaka kufunga watu, anzeni na hao wamama wanaopika waragi, hiyo pombe kali ya kienyeji, vijijini. Hao ndio wauaji.

Binti Koboko: Rudia. Wamama gani?

Boda Namba Moja: Wapika waragi. Nimekosea?

Binti Koboko: Mama yangu alipika waragi wa mihogo, karo yangu ikalipwa mpaka S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Moshi umemharibu macho. Wewe unamwita muuaji, halafu anayekuza bangi unamtafutia haki? Arua 2022 watu walikufa kwa pombe kali ya kiwandani, ya chupa, ina lebo na kila kitu. Mama yangu hana kiwanda.

Boda Namba Moja: Na pombe iliyoua watu Kabale 2010? Ile haikuwa na lebo, dada.

Binti Koboko: Ile ilitiwa methanoli, kemikali yenye sumu, na wafanyabiashara wenye tamaa. Anayepika kwa mihogo yake anatoa wapi methanoli?

Afande Mstaafu: Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya enguli, yaani huo waragi wa kienyeji, kupika bila leseni ikawa kosa. Nimemwaga mapipa mengi sana enzi zangu.

Binti Koboko: Mlimwaga yote, Afande? Maana kwetu askari walikuwa wanakuja na jerikeni tupu na kuondoka nazo zimejaa.

Hajati Bombo: Uwiiii.

Afande Mstaafu: Binti, chunga ulimi. Mimi nilikuwa Mbale, sijawahi kufanya kazi huko kwenu West Nile.

Wakili wa Kibarazani: Hajakutaja jina, mzee. Mbona umeruka?

Mkonjo wa Mjini: Jamani, niliuliza bangi.

Binti Koboko: Subiri kwanza. Huyu wa boda aombe radhi kwa mama yangu.

Boda Namba Moja: Siombi. Lakini jerikeni ya lita 20 huko Koboko sasa ni pesa ngapi?