Mjadala: Uso wa Merlin kwenye jabali la Tintagel, ni kuitunza historia au ni kuiuza?

Mgeni_wa_Bristol

Wakuu naomba tulijadili hili bila matusi. Kule Cornwall, ile pembe ya kusini magharibi kabisa ya Uingereza, kuna rasi inaitwa Tintagel, jabali limejitupa baharini na juu yake kuna magofu ya ngome. Ndiko inakosemwa mimba ya mfalme Arthur ilitungwa, maana baba yake, mfalme Uther Pendragon, alimtamani mke wa mtu, mchawi wake Merlin akamgeuza sura akafanana kabisa na mwenye mke, akapita getini walinzi wanajua bosi karudi. Sasa mwaka 2016 English Heritage, ambao ndio wanaosimamia hayo magofu, wakaleta mchongaji akachonga uso wa Merlin kwenye jabali lenyewe kule chini karibu na pango linaloitwa la Merlin, na juu wakasimamisha sanamu la shaba la mfalme kashika upanga, refu kumshinda mtu yeyote unayemjua. Wacornwall kibao wakaja juu, wakasema mnatufanyia kwetu Disneyland. Wengine wakasema kelele za nini, hadithi ndiyo inayoleta watu.

Mimi nipo na waliokasirika. Arthur awe alikuwepo asiwe alikuwepo hainikoseshi usingizi. Shida yangu ni kwamba pale pana historia ya kweli nzito kuliko hiyo hadithi na watu wanaipita tu wakikimbilia selfi na sanamu. Wanaakiolojia wamekuta pale vigae vya mitungi ya mafuta na mvinyo na vya sahani za mezani, karne ya 5 mpaka ya 7, vitu vimetoka Uturuki ya leo na Afrika Kaskazini, na ni vingi kuliko vya aina hiyo vilivyopatikana sehemu nyingine zote za Uingereza ukivijumlisha. Hiyo ni enzi ambayo tunaambiwaga Warumi wameondoka na kisiwa kizima kimerudi gizani, kumbe kuna mkubwa fulani kakaa zake juu ya jabali anakula kwenye sahani ya Uturuki! Halafu 2017 wakachimba wakapata jiwe la kizingiti cha dirisha ambalo mtu wa karne ya 7 alikuwa anafanyia mazoezi ya mwandiko, kuna Kilatini, kuna herufi ya Kigiriki, kuna majina ya watu, yupo mmoja anaitwa Tito. Kama kuchonga ni lazima basi angechongwa huyo Tito.

Na sanamu unaweza kuling'oa hata kesho, jabali ukishalichonga umelichonga. Leteni hoja.

Kiparangoto

Mkuu nakuelewa ila ngome yenyewe unayoilinda ni tunda la hiyo hiyo hadithi unayoikataa. Geoffrey wa Monmouth, mwandishi wa zama za kati, kaandika kitabu chake cha wafalme wa kisiwa hicho miaka ya 1130, ndo akasema Arthur kapatikana Tintagel. Karibu miaka 100 baadaye, 1233, Richard mdogo wake mfalme Henry III analichukua hilo jabali anashusha ngome. Ya nini? Kijeshi haina faida yoyote ya maana, hakuna mji wa kulinda, hakuna njia kuu inayopita. Alitaka aonekane kakaa alipokaa Arthur, na wataalamu wanasema hata ujenzi wake alifanya makusudi uwe wa mtindo uliopitwa na wakati ili ionekane ya kale. Sasa Richard kafoji ngome nzima tunaiita urithi, English Heritage wamechonga kauso kamoja tunaita uharibifu. Hebu nieleweshe tofauti.

Chuma_cha_Pua

😂😂 hapo kwa Richard kakukamata mkuu

Mgeni_wa_Bristol

Hajanikamata. Tofauti ni kwamba ya Richard tunaijua ni ya Richard, mwaka upo, sababu ipo, na ukienda wanakueleza. Huo uso ukiukuta pale maji yamekupwa na wewe ni mgeni unajuaje kama ni wa 2016 au ni wa miaka 1000 iliyopita? Baada ya miaka 50 ya chumvi na upepo utakuwa umelika vya kutosha, watoto wataambiwa umechongwa na wazee wa zamani. Na hilo pango lenyewe wakuu, kwa Geoffrey halimo! Mambo ya Merlin na bahari pale chini yamekolezwa na mashairi ya Tennyson karne ya 19. Kwa hiyo tumechonga mwamba wa asili kwa ajili ya shairi la juzi juzi.

Nyakati_254

Wadau, mnaongea vizuri lakini hakuna mtu ametaja pesa. Kwani mawe yanajitunza? Mnajua kilichotokea 2015? Serikali ya Uingereza iliigeuza English Heritage ikawa shirika la hisani, ikapewa pauni milioni 80 za kuanzia, ikaambiwa mkifika 2023 mjitegemee, msirudi kuomba ruzuku. Na wako na magofu na majengo zaidi ya 400, mengine ni ukuta mmoja tu umesimama kwa shamba la mtu na hauwezi ukalipisha kiingilio. Sasa ukiwa ndio manager utafanyaje? Utachukua ile site moja inajulikana na dunia nzima uipigie debe mpaka ilishe hizo zingine. Tintagel ndio hiyo. Si bahati tu ati uso ulichongwa mwaka uliofuata.

Na daraja je? 2019 walifungua daraja la kuunganisha bara na ile rasi, karibu pauni milioni 5, japo sehemu kubwa ilikuwa mchango wa matajiri. Hapo mbeleni ulikuwa unashuka bonde lote halafu unapanda ngazi mpaka magoti yanakataa. Ukisimama katikati unaona pande mbili hazijagusana, kuna nafasi ya sentimita 4 unaona chini. Mimi hiyo naiita kazi safi. Bila Arthur hakuna mtu angetoa hata senti.

BintiTanga

Jamani mnabishana pesa na vigae, mimi naona hamjagusa kinachowauma wenyewe. Kaka Mgeni umesema Wacornwall walikuja juu, lakini umewaelezea kama vile ni mashabiki wa akiolojia. Hao watu wana lugha yao, serikali ya Uingereza yenyewe iliwatambua 2014 kuwa ni jamii ya wachache kama Wales na Scotland wanavyotambuliwa. Taasisi inayowasimamia magofu yao inaitwa urithi wa WAINGEREZA. Kuna kikundi walikuwa wanapita wanang'oa vibao vyake kwenye maeneo ya kale mpaka wakafikishwa mahakamani Truro mwaka 2002. Ukilijua hilo ndo utaelewa kwa nini kauso kadogo kalileta moto wote ule.

Na hapa namgeukia Kiparangoto, siyo kweli kwamba hadithi imeanzia kwa Geoffrey. Mwaka 1113, yaani kabla hata hajaandika, mapadri kutoka Laon Ufaransa walikuwa wanazunguka na masalia ya watakatifu wakichangisha hela za kujenga upya kanisa lao lililoungua. Wakafika Bodmin, hapo hapo Cornwall. Akaja mtu mmoja mkono wake umekauka, kaja kuombewa, katika maongezi akasema Arthur yu hai bado. Mhudumu mmoja wa wale mapadri akamcheka. Aisee ikawa vurugu, watu wakaingia na silaha ndani ya kanisa, nusura damu imwagike kwa sababu mgeni kamcheka mgonjwa kuhusu Arthur! Kwa hiyo mnaposema hadithi ni biashara, kwa watu wa pale ilikuwa imani kabla haijawa tiketi. Arthur kwao alikuwa wa Wabriton, wenyeji wa kale wa kisiwa, aliyepigana na Wasaksoni, ndo hao hao mababu wa Waingereza wanaokata tiketi leo.

Hata kwetu pwani nenda Kipini, wanakuonyesha kaburi la Fumo Liyongo, hebu cheka uone.

Chuma_cha_Pua

Dada hiyo ya Bodmin sikuwahi kuisikia, asante. Ila sasa ndo umenipa nguvu ya kusema kwamba wanaoiba Arthur walianza mapema sana. Nenda Glastonbury, Somerset. Mwaka 1184 abasia ya pale, yaani makao ya watawa, inaungua. Mfalme Henry II alikuwa anawagharamia ujenzi, 1189 anakufa, mrithi wake akili yake yote iko kwenye vita vya msalaba. Watawa hawana hela. Mwaka 1191, ALHAMDULILLAH, wanachimba makaburini kwao wanakuta gogo limetobolewa ndani kuna mifupa ya mtu mkubwa na ya mwanamke, na msalaba wa risasi umeandikwa kabisa hapa amelala mfalme maarufu Arthur kisiwani Avalon, kile kisiwa cha kwenye hadithi. Yaani kaburi limekuja na lebo! Gerald wa Wales, mwandishi wa zama hizo, kasimulia kwamba kulikuwa na msuko wa nywele za dhahabu za Guinevere, mke wa Arthur, bado unang'aa, mtawa mmoja akaurukia akaushika ukawa vumbi mkononi. Ushahidi wenyewe ukapotelea hapo hapo 😂

Na usidhani ni watawa tu. 1278 mfalme Edward I kaja na malkia wake, wakaifungua mifupa, wakaizika upya kwa heshima zote. Ndo kwanza katoka kumpiga mtawala wa Wales. Ujumbe kwa Wawales ulikuwa mnyoofu, yule mnayemngoja arudi huyu hapa mifupa, na mimi ndo namzika. Kwa hiyo Dada BintiTanga kilio chako cha leo kina zaidi ya miaka 700.

Kiparangoto

Sasa si ndo mnanisaidia mimi? Kila zama wamechonga chao. Watawa walichonga msalaba, Richard ngome, Edward kaburi. Kwa nini iwe haramu kuanzia 2016?

Mgeni_wa_Bristol

Kwa sababu watawa walikuwa waongo na sisi tunajua walikuwa waongo, na English Heritage hawawezi kujitetea kwa kusema hata waongo walifanya. Angalia lakini Glastonbury wamefikia wapi leo. 2015 Chuo Kikuu cha Reading kilitoa matokeo ya kupitia upya rekodi zote za uchimbaji wa pale. Lile shimo ambalo mchimbaji mmoja wa karne ya 20 alidhani kalipata kuwa ndilo kaburi la Arthur likaonekana ni shimo la makaburini tu, udongo umechanganyika wa zama tofauti, hakuna kinacholiunganisha na mtu yeyote mkubwa. Na abasia haikufa njaa. Kibao kwenye nyasi bado kipo na watu bado wanaenda, ila aliyetaka kujua habari ya moto na ukata na msalaba wa risasi anaipata. Mimi hadithi ya watawa wanaotafuta hela naiona tamu kuliko ya Avalon.

Na 1998 hapo hapo Tintagel walipata jiwe limeandikwa jina Artognou, lilikuwa limetumika kama kifuniko cha mfereji. Magazeti yakalipuka, ARTHUR KAPATIKANA. Wataalamu wakasema hapana, ni jina lingine kabisa la mtu mwingine. Unaona sasa? Jamaa wa karne ya 6 kaandikwa jina lake kwenye jiwe, kakaa kwenye mtaro miaka yote hiyo, anatoka tu wanamgeuza mtu mwingine. Ndo ninachokisema, Arthur pale anameza kila anayejitokeza.

Nyakati_254

Sawa lakini kuna Beddgelert kule Wales, na hii nawapea ili mniambie mnaiweka upande gani. Kuna kaburi la mbwa. Hadithi ni kwamba Llywelyn Mkuu, mtawala wa karne ya 13, alirudi kutoka kuwinda akapata kitanda cha mtoto kimepinduka na mbwa wake Gelert mdomo umejaa damu, akamuua kwa upanga, kisha akasikia mtoto analia na kando yake mbwa mwitu amekufa. Watu wanalia pale mpaka leo. Lakini kaburi lilijengwa mwisho wa karne ya 18, na anayetajwa ni David Pritchard, mwenye hoteli ya hapo kijijini! Na hadithi ni ya kale ya kutoka India, imo kwa kitabu cha Kalila na Dimna, ile ya nguchiro aliyeua nyoka akamwokoa mtoto halafu mwenye nyumba akamuua. Sasa, tubomoe kaburi la mbwa?

BintiTanga

Usibomoe. Yule mwenye hoteli alikuwa anaishi pale pale kijijini, anakula nao. Kuna tofauti kubwa kati ya mwenyeji kuwadanganya wageni na mgeni kuja kuwadanganya wageni wenzake juu ya mgongo wa mwenyeji.

Chuma_cha_Pua

Dada hapo nimekuelewa ila si sahihi sana, maana Tintagel wenyeji nao wanakula kwa Arthur. Kijiji kile zamani kiliitwa Trevena, Tintagel ndo jina lililoshinda kwa sababu ya hadithi. Miaka ya 1930 tajiri mmoja aliyepata hela kwenye unga wa kastadi kajenga pale kumbi nzima za mfalme Arthur na madirisha ya vioo vya rangi. Ukipita barabara ya kijiji kila duka ni upanga, kila mkahawa ni Merlin. Hao nao uwaulize kama wanataka sanamu litolewe.

BintiTanga

Duka ni la mtu kwenye kiwanja chake. Jabali la nani?

Chuma_cha_Pua

Ni la miliki ya Duke wa Cornwall, yaani mrithi wa kiti cha ufalme 😂 haya tuendelee

Kiparangoto

Mgeni acha kuzunguka, sema unataka nini. Uso ukwanguliwe?

Mgeni_wa_Bristol

Usikwanguliwe, ukikwangua unaongeza kidonda juu ya kidonda. Usichongwe mwingine, hilo la kwanza. La pili pale mlangoni mwa pango pawekwe kibao kinachosema umechongwa 2016, na aliyeagiza ni nani. La tatu lile jiwe la Tito litengenezewe nakala iwekwe kule juu karibu na sanamu, anayesubiri zamu ya kupiga picha awe na cha kusoma.

Kiparangoto

Kibao kwa Kiingereza au Kicornwall?

BintiTanga

Vyote viwili, na Kicornwall kiwe juu.